Uhamisho wa Dodoma: wajenge sasa au wapange kwanza? Na watoto je?

Mdogo wangu wa kike amepata uhamisho. Ni mtumishi wa serikali, anaishi Tabata na mumewe na watoto wawili, na mwezi ujao anatakiwa aripoti Mtumba, ule mji wa serikali hapa Dodoma. Juzi kikao cha familia kimevunjika bila mwafaka. Shemeji anataka watoto wabaki Dar, mama awe anarudi na treni kila Ijumaa. Baba mkwe anasema wahame wote, tena wasipange, kwa kuwa kuna kiwanja kimepatikana Nala, pembeni mwa jiji, kwa bei ya kueleweka, na kodi ya nyumba ni kumjengea mtu mwingine. Mimi nina mwaka wa sita Dodoma, kwa hiyo swali likanigeukia: dada, huko kuna usalama?

Msimamo wangu ni huu, na anayeuona una kasoro aseme. Wahame wote, lakini wapange kwanza kwenye mtaa wenye watu. Kiwanja kisubiri.

Mtu wa Dar akiuliza usalama anapima kwa yale aliyoyazoea: simu kunyakuliwa dirishani mwa daladala, panya road (yale magenge ya vijana waporaji), maji kuingia ndani kule Jangwani. Kwa kipimo hicho sibishani, hapa kumetulia. Natoka sokoni na mkoba begani na sijawahi kuporwa. Ila Dodoma ina hatari ya namna yake, nayo inatokana na jinsi mji ulivyokua. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati hapo serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia kweli, jambo lililoamuliwa tangu 1973, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Viwanja vikapimwa vikubwa pembeni, watu wakanunua, wengi wakanyanyua kuta wakaishia kwenye linta. Ndiyo maana mitaa mipya imejaa mapagale, na hao wachache waliohamia ni wageni kama wewe.

Sisi tulifanya kile baba mkwe anachokitaka. Tulijenga mapema, tukahamia mwaka wa kwanza kabla hata ya kupiga plasta nje. Kushoto pagale, kulia pagale, nyuma shamba la mtama la mtu. Mume wangu alikuwa bado anafanya kazi Dar. Usiku mmoja, yapata saa nane, nikasikia bomba linakatwa kwa msumeno, taratibu, mtu asiye na haraka kabisa. Walikuwa wanang'oa pampu ya maji. Nilipiga kelele hadi koo likakauka, watoto wananishika kanga. Hakuna taa iliyowaka popote. Walimaliza kazi yao, wakaondoka wakitembea.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee yule alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa upole: "Mama, wewe unakaa wapi? Mbona hatukujui?" Nilikuwa na miezi minne pale. Sikuwa nimekwenda kujitambulisha, sikumjua mjumbe wala jina la mtu mmoja. Swali lile limenikaa mpaka leo kuliko hata pampu.

Buguruni nilikokulia, mtu akipiga yowe mtaa mzima unatoka. Najua yowe hilo limewahi kuua hata wasio na hatia, na hilo sitalitetea kamwe. Lakini kujua kwamba ukiita utasikiwa, hilo lina thamani ambayo ukuta na nyaya za umeme havikupi.

Tukafunga nyumba, tukapanga Ipagala, vyumba viwili na sebule. Jirani wa kwanza ni mama muuza vitumbua. Saa kumi alfajiri moto wake umeshawaka, na mtu yeyote anayepita kichochoroni lazima apite mbele ya macho yake. Wa pili ni mzee wa Kigogo, kila asubuhi "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Siku asiposikia jibu langu anakuja kugonga. Kwa watoto wangu mabadiliko yalionekana ndani ya wiki moja: wakaanza kulala vyumbani mwao.

Sasa hesabu ya Nala. Nala iko njia ya Singida, magharibi. Mtumba iko njia ya Dar, mashariki, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji. Mdogo wangu atavuka jiji zima asubuhi na jioni. Akitoka kazini saa kumi na moja na nusu, apande daladala, abadilishe mjini, amalizie na bodaboda kwenye njia isiyo na taa, atafika nyumbani kwenye saa mbili usiku. Huo ndio usalama wa kuuliza kabla ya kuuliza bei ya kiwanja.

Maji nayo. Hapa maji ni ya mgao, kwa hiyo nyumba isiyo na tenki la akiba msiichukue hata iwe na vigae vya kung'aa. Penye kisima, muonje kwanza, maana vingine vina chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu. Na mwangalie makorongo. Kiangazi ni mchanga mkavu watoto wanacheza mpira, Januari ikinyesha juu huko maji yanashuka kwa kasi, na mtoto anayekatisha hapo kwenda shule yuko hatarini.

Shemeji naye nimemjibu. Treni ya SGR kweli imesogeza miji hii. Tangu 2024 mtu anatoka Dar anafika hapa chini ya masaa manne, wakati basi linakula karibu siku nzima. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000, kwenda na kurudi 62,000, kwa wikiendi nne ni 248,000. Kwa pesa hiyo unaanza kuitafuta nyumba ya kupanga hapa. Na mtoto akichemka homa Jumanne usiku, mama yuko kilomita zaidi ya 400. Mimi nimekaa na mume wa Ijumaa kwa miaka miwili. Siwatakii.

Baba mkwe ana hoja moja yenye nguvu, nakiri: bei za viwanja hazisubiri mtu. Basi wanunue kama pesa ipo, wakiweke mipaka, wapande miti. Kulala huko kusubiri majirani.

Jumamosi mdogo wangu anakuja. Tutachukua bajaji saa kumi na mbili na nusu jioni hadi kwenye kile kiwanja, tusimame hapo giza liingie, tuhesabu madirisha yanayowaka. Mliojenga pembeni mkakaa kwa amani, mwambieni: mlipohamia, yalikuwa mangapi?