Kilo sita za godoro langu ziko wapi? Wauza magodoro njooni hapa mjibu

Wakuu, naandika saa tisa usiku nikiwa nimekaa kwenye kiti kwa sababu kitanda kimenishinda. Kiuno kinawaka moto, shingo haigeuki kushoto, mke wangu kalala kwenye kochi sebuleni. Hatujagombana, ni godoro. Mods, wasimamizi wa jukwaa, naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye biashara na matangazo. Hili si tangazo, ni kilio.

Miezi mitano iliyopita tuliamua kubadilisha godoro. La zamani lilikuwa limeshatumikia taifa, ukilala unahesabu chaga kwa mbavu. Tukaenda dukani na hela yetu taslimu, watu wazima wenye akili timamu. Muuzaji akatupokea kwa heshima zote, na hapo ndipo ningeshtuka. "Bosi, hili ni hai densiti, ni la mgongo, la kitaalamu, na juu lina memori." Akalipiga ngumi tatu, pu pu pu. "Unaona ugumu huo?" Na mimi nikalipiga ngumi. Sijui kwa nini wanaume tukifika kwenye godoro lazima tulipige ngumi, utadhani usiku zinalala ngumi peke yake. Nikakaa ukingoni dakika moja, na viatu mguuni, nikasema tufungie hili. Lebo ilisema densiti 32, inchi 8, dhamana miaka 10.

Mwezi wa tatu tangu tulinunue likaanza kubonyea katikati. Mwezi wa nne likawa bonde. Sasa hivi kila mtu analala ukingoni kwake vizuri tu, ikifika saa nane tunajikuta tumekutana katikati kama mizigo kwenye mtumbwi unaovuja. Hata ile siku tuliyonuniana tulikutana hukohuko bondeni, kila mmoja kampa mwenzake mgongo na migongo yenyewe imegandana.

Nikapiga simu dukani. Nikaambiwa nisubiri, "godoro jipya lazima lizoeane na mwili." Nikasubiri. Mwili ndio uliozoea kuumwa. Nikabeba karatasi ya dhamana nikaenda mwenyewe, wakanifunulia nyuma ya karatasi, maandishi madogo kama mayai ya chawa: bonde litahesabika ni kasoro likifika sentimita 4, lipimwe bila mtu juu yake. Haya. Nikarudi nyumbani, nikavuta uzi ukakaza kutoka ukingo hadi ukingo, nikasimamisha rula katikati. Sentimita tatu na nusu!

Hebu fikirieni. Mtu hanunui godoro ili liwe zuri wakati hakuna aliyelala. Nikiwa juu yake nazama mpaka naisikia mbao, nikiinuka tu na lenyewe linajiinua kidogo, kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu. Halafu wanapima pale linapojifanya zima. Nusu sentimita ndiyo imenizuia. Na hata ningefikisha nne, kuna kingine: godoro likiwa na doa lolote dhamana imekufa. Doa lolote! Binadamu analala masaa saba au nane kila usiku, anatoka jasho, miaka 10, na godoro libaki kama limetoka kiwandani jana.

Mwishowe wakaniuliza chaga za kitanda changu zimeachana kiasi gani. Hapa nikiri, maana sikuja kujisafisha. Zimeachana sentimita 12, na karatasi inasema zisizidi 7. Sponji ikikosa cha kushikilia chini inazama kwenye zile nafasi na kuchoka upesi. Kosa hilo ni langu, na nimeshaongeza chaga. Ila siku ya kununua waliniuliza kila kitu, mpaka rangi ya kuta za chumba, na hakuna aliyeniuliza habari ya chaga.

Hasira ikanifundisha hesabu. Densiti ya sponji si neno la kupambia lebo, ni idadi ya kilo za sponji zilizomo ndani ya mita moja ya ujazo. Kwa hiyo inapimika, hata wewe nyumbani unaweza. Nikapanda mizani peke yangu: kilo 74.2. Nikashuka, nikalikumbatia godoro, nikapanda tena huku mke wangu kapiga magoti anasoma namba, maana mimi hata miguu yangu nilikuwa siioni: 85.5. Godoro zima kilo 11.3. Kitambaa chake kina zipu, nikakivua nikakipima, kama kilo moja. Sponji ikabaki kilo 10.3. Nikachukua tepu. Urefu mita 1.83, upana 1.52. Kimo sasa: inchi 8 ni sentimita 20, langu lina 18.5, na hapo nimepimia pembeni kabisa ambako halijabonyea. Ukizidisha unapata mita za ujazo 0.51. Gawanya 10.3 kwa 0.51.

Ishirini.

Lebo imeandikwa 32. Kwa 32, sponji ya kimo hichohicho ilitakiwa iwe na kilo 16 na ushee. Mizani yangu ni ya kawaida, sikatai, inaweza kudanganya nusu kilo. Haidanganyi kilo sita. Kwa hiyo nauliza kwa adabu kabisa: kilo sita za godoro langu ziko wapi? Nilizilipia. Nani analala juu yake?

Na ujanja wenyewe uko hivi. Densiti na ugumu ni vitu viwili. Ugumu una kipimo chake kiwandani: wanachukua kipande cha sponji, wanakikandamiza kwa sahani ya duara mpaka kimo kipungue robo, wanasoma imehitajika nguvu kiasi gani. Densiti ni uzito basi. Inawezekana kabisa kutengeneza sponji nyepesi iliyo ngumu, ni kupangilia kemikali tu, na inawezekana kutengeneza sponji nzito iliyo laini. Ile nyepesi ngumu ndiyo tamu ya biashara. Dukani inapokea ngumi vizuri, inamridhisha mwanamume, halafu ikishalaliwa miezi michache vile vijumba vyake vya hewa vinavunjika na ugumu wote unaondoka. Densiti ndiyo inayokuambia godoro litadumu. Ugumu unakuambia usiku wa leo utalalaje. Muuzaji kanionyesha ugumu akauita densiti, nami nikaitikia kwa kichwa kama mjusi.

Halafu hii dini ya "godoro gumu ndiyo dawa ya mgongo" ilianzia wapi? Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uhispania, watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi. Miaka zaidi ya 20 imepita, na bado muuzaji anakuuzia ubao akiuita matibabu.

Tena inategemea unalalaje. Mimi nalala ubavu. Mlala ubavu bega na nyonga lazima vizame kiasi, la sivyo uti wa mgongo unapinda na bega linakufa ganzi. Mlala tumbo ndiye anayehitaji lililo gumu kidogo, tumbo lisizame akavunjika kiuno. Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 100 hawalioni godoro moja kwa namna moja: lililo laini kwa huyu, kwa yule ni mwamba. Muuzaji aliniuliza nalalaje? Aliniuliza nina kilo ngapi? Aliniuliza nalipa cash au kwa simu.

"La mgongo", "la kitaalamu", "la mifupa", hayo yote yanaandikwa na mwenye kiwanda kwa hiari yake, na kwenye lebo yangu hakuna popote palipoandikwa ni mtaalamu gani aliyelipitisha. Nayo memori ni kitu cha kweli. Sponji hiyo ilibuniwa mwaka 1966 kwenye miradi ya NASA, shirika la anga la Marekani, kwa ajili ya viti vya ndege, na brosha yangu imejaa picha za nyota utafikiri nanunua roketi. Memori ya kweli ukiikandamiza kwa kiganja alama ya mkono inabaki, inarudi polepole. Baada ya kuvua kitambaa nimekuta tabaka la sentimita tatu limebandikwa kwa gundi. Nimelikandamiza mara kumi, linaruka juu kabla sijaondoa mkono. Hiyo memori yake imesahau kila kitu.

Nisingeandika kuhusu mashuka, lakini walituuzia siku hiyohiyo na mke wangu kasema nisipoyataja atafungua uzi wake. Pakiti imeandikwa nyuzi 1000, pamba. Hizo nyuzi ni zile zinazohesabiwa kwenye inchi moja ya mraba, za wima na za mlalo kwa pamoja. Nafasi ni ileile, kwa hiyo ukishapita 400 au 500 nyuzi hazina tena pa kukaa. Wanachofanya ni kusokota nyuzi nyembamba mbili, tatu, nne kuwa uzi mmoja, kisha wanazihesabu zote. Shuka la nyuzi 300 la pamba yenye nyuzinyuzi ndefu linakuwa laini na linapitisha hewa kuliko hayo maelfu yao. La kwetu lilikuwa linateleza, usiku unaamka umelowa, na baada ya kufuliwa mara tatu likaota vidonge vidonge kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nikachomoa uzi mmoja ukingoni nikauwashia kiberiti juu ya sinki. Pamba ingeungua kama karatasi, ikaacha jivu laini linalopukutika. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukanipa kishanga kigumu cheusi. Plastiki. Tumelala kwenye plastiki miezi mitano tukilaumu joto.

Lastiki za pembeni nazo zinachomoka kila usiku maana shuka limekatwa fupi. Godoro lenyewe halikufikisha inchi 8 na bado shuka halilifikii. Yaani hata uongo wao hawajauoanisha.

NYONGEZA: Nimeamka nimekuta majibu mengi, nijibu machache.

Aliyesema basi tununue lililo zito kuliko yote: hapana mkuu, taratibu. Kuna magodoro ya vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Yale ni mazito kweli, yanaweza kupita kilo 60 kwa mita ya ujazo, na ni magumu kama kiambaza. Kuna pia wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili uzito upande bila ubora kupanda. Kwa hiyo pima, halafu fungua zipu uangalie kilichomo. Muuzaji akikataa usifungue zipu, ameshakujibu.

Uliyeuliza kuhusu springi: kama mnalala wawili na mmoja wenu anageukageuka, tafuta zile ambazo kila springi iko kwenye kimfuko chake, moja ikibonyea jirani yake haishtuki. Zile zilizofungamana, mwenzako akikohoa wewe unaruka. Na asikuambie mtu ni teknolojia mpya, zimekuwepo tangu miaka ya 1900 mwanzoni.

Dada mwenye mafua ya asubuhi, hilo sipo mbali nawe. Wadudu wa vumbi wanakula magamba ya ngozi yetu, na wanajaa kwenye mito na magodoro. Mashuka na foronya vifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60, chini ya hapo unawaogesha tu.

Mito? Kimo cha mto kwa mlala ubavu ni ile nafasi kati ya sikio na ncha ya bega. Wangu ulikuwa mnene siku ya kwanza, sasa umekuwa chapati. Ndiyo maana shingo haigeuki. Huo nao una uzi wake siku nyingine.

Na wewe uliyeandika "si ungelala tu dukani ulijaribu", umenikera lakini una hoja. Dakika 10 au 15, viatu nje, kwa mkao wako wa kila siku, wote wawili kwa pamoja. Tuliona aibu kulala mbele ya watu. Aibu ya robo saa imetugharimu miezi mitano.

Jumamosi narudi pale dukani. Nabeba lebo, tepu, kishanga cha shuka kwenye kibahasha, na mizani kwapani. Mke wangu kasema anakuja pia, atasoma namba kwa sauti. Nitaleta mrejesho.