Redio Newala hadi bondeni, km 20: upepo ukivuma inakata. Nimekosea wapi?

Mpanda Mlingoti
Wakuu, habari za jioni. Nimefunga redio mbili za mtandao za gigahezi 5.8, moja Newala mjini, nyingine kwenye ghala la korosho huko bondeni upande wa Ruvuma. Kwa GPS ni kilomita 20. Dishi pande zote zinaongeza desibeli 30 kila moja, redio inatoa nguvu ya 25 dBm (desibeli juu ya miliwati moja). Inashika, ila nguvu inayopokelewa inasoma -71 (ikikaribia sifuri ndiyo nzuri), na upepo ukivuma tu inakata. Karani wa ghala ameshanichoka na Oktoba minada inaanza. Nafikiria kununua dishi kubwa zaidi. Mnanishaurije?

Kusini Kuchele
Dishi kubwa ndiyo dawa, mkuu. Na nguvu ya redio ongeza.

Bibi Desibeli
Kaka, usinunue kitu, piga hesabu kwanza. Kwa masafa hayo, umbali huo peke yake unakula desibeli 134 hivi. Chukua 25, jumlisha 30 na 30, toa 134: ulitakiwa usome -49. Desibeli 22 zimeenda wapi? Mara nyingi pengo la namna hiyo ni kwamba umenasa mwale wa pembeni, yaani mawimbi hafifu yanayovuja kando ya dishi. Ulizungusha dishi, namba ikapanda, ukafurahi ukakaza nati, kumbe mwale mkuu wenyewe uko digrii chache mbele. Legeza, zungusha taratibu, usiridhike na kilele cha kwanza; endelea mpaka upite kilele cha juu kuliko vyote na namba ianze kushuka, ndipo urudi. Mlalo kwanza, kisha wima, upande mmoja mmoja. Nguvu ya redio ina kikomo cha TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, usiichezee.

Mtoto wa Kitangari
Pale katikati ya njia hakuna shida, Newala iko juu mno. Kazi iko mwanzo na mwisho. Mlingoti wa mjini uko mbali gani na ukingo wa uwanda? Ukiusogeza ndani ya mji, ukingo wenyewe na miti yake unaziba. Na huko chini ni mikorosho tupu. Hata kama dishi la pili unaliona kwa darubini, mti ulio mita 300 mbele yako unatakiwa uwe chini ya mstari wa dishi hadi dishi kwa mita 2 na nusu walau. Viungio navyo vizungushie utepe wa mpira, maana salfa tunayopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, inakula shaba.

Karani Mstaafu
Umbali umeandika ngapi kwenye mipangilio? Ukiwa mfupi kuliko ulivyo, redio haisubiri jibu lifike, inarudia kutuma bure.

Mpanda Mlingoti
Mrejesho: nimelegeza dishi la ghalani, nikapita kile kilele cha uongo, sasa inasoma -53. Bibi, shikamoo! Desibeli 4 zilizobaki nadhani zinaliwa na mkorosho mmoja mbele ya ghala. Niliomba upunguzwe matawi, mwenyewe akatoka na panga, na halikuwa la matawi. Basi nanunua bomba la futi 20. Waya za kulishikilia, tatu au nne?

Bibi Desibeli
Marahaba. Tatu, zigawanye sawa kuzunguka bomba. Na kinga ya radi ifungwe kabla ya mvua kuanza.