Nimeuza nyaya za feni kwa bei ya chuma, nifanyeje?

Wakuu, shikamooni. Huu mwezi wa pili nazunguka na kiroba kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Charambe, naokota na kununua vyuma chakavu. Leo nilikuwa na kilo 31 pamoja na mota tatu za feni. Mwenye mizani kapima vyote bei ya chuma. Roho imeniuma.

— Pole sana mdogo wangu. Tembea na sumaku, hata ya spika mbovu. Kikinasa ni chuma. Kisiponasa tenga: alminiamu, shaba ya njano, kopa (ile shaba nyekundu), kila kimoja na bei yake. Mota ifungue mwenyewe. Ule waya mwekundu ukwangue kwa kisu. Ukitoka mweupe ndani ni alminiamu iliyopakwa rangi, usijidanganye.

— Nyaya usichome! Mimi nilichoma miaka mitatu, kifua kinabana mpaka leo. Menya. Kopa inayong'aa inashinda yenye masizi.

— Mfuniko wa chemba au kibao cha barabarani usipokee, hata akileta mtoto. Utalala ndani.

— Asanteni kaka zangu. Spika mbovu ipo uvunguni, naibomoa usiku huu huu.