Kuku wangu wanaliwa Dole, na huku nataka kuleta kuku wa aina ya kuchi. Nianze na lipi?

Banda la Makuti (Dole, Unguja)

Assalaam aleikum. Nyuma ya nyumba nina kuku 23 wa kienyeji, au niseme nilikuwa nao. Tokea masika yaanze wameshakwenda 8. Wawili niliwakuta asubuhi mumo humo bandani, vichwa havipo, miili imeachwa. Koo mmoja alibururwa mpaka chini ya mfenesi, nikakuta manyoya tu. Hao 5 waliobaki ni vifaranga, wanapotea mchana kweupe huku mama yao anapiga kelele.

Banda ni la miti na makuti, ubavuni nimezungusha senyenge ya kuku, ile ya matundu ya pembe sita. Shemeji yangu yuko Uingereza, kaniambia kwa simu kuwa huyo ni mbweha, niweke taa ya kumulika na redio iwe inasema usiku kucha.

La pili, nina akiba kidogo, natamani kuchi wa asili, jogoo 1 na mitetea 3. Kuna mtu wa mjini ananiuzia jogoo kwa laki 2, ila mpaka leo nimeona picha tu. Nisaidieni.

Mzee wa Kichanja (Mwera)

Waaleikum salaam. Shemeji mwambie mbweha wake abaki naye huko huko. Kwao ni kweli, anaingia hata mitaani London, anachimba chini ya uzio, na akipata mlango wazi anaua banda zima. Visiwani kwetu mbweha hatuna, wala wa kusingiziwa.

Wewe usianze na jina la mnyama, anza na saa. Una wezi wawili au watatu, si mmoja. Wa usiku hapo Dole, penye miti na matunda, wa kwanza kumshuku ni ngawa, yule mnyama wa usiku mfano wa paka mkubwa. Nenda chini ya huo mfenesi utazame kinyesi, ukikuta kina mbegu za matunda, na pahala pananuka zabadi, ile harufu yake kali kama miski, basi ushampata. Wazee wakiwafuga kwa hiyo zabadi. Wa mchana akiwa chini ni nguchiro, akiwa juu ni kunguru au mwewe.

Hao wasio na vichwa nadhani mwizi hakuingia kabisa. Kuku kalala kajibanza kwenye senyenge, kavutwa kichwa tunduni, mwili haukupita. Mti wa kulalia uko wapi? Kama uko ubavuni, uhamishe leo hii, uweke katikati.

Banda la Makuti

Subhanallah. Mti wa kulalia umegusa senyenge kabisa. Nilidhani wanapata upepo.

Bi Nyavu (Jambiani)

Mwanangu, hiyo senyenge ya pembe sita inamzuia kuku asitoke, haimzuii mwenye meno asiingie. Ikipata kutu mwaka wa pili unaichana kwa mkono. Nunua wayamesh ya matundu ya nusu inchi, japo ya kuzungushia chini tu, kimo cha kiunoni, juu ubakishe hiyo hiyo ya zamani. Huko Dole mna udongo mzuri, chimba futi moja uifukie. Sisi huku maweni, jembe linatoa cheche, kwa hiyo tunailaza nje ya banda kama mkeka, upana wa futi mbili, tunaibana kwa mawe. Mnyama akija anachimba pale pale penye ukuta, anakuta waya chini ya miguu. Hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili akaanzia huko.

Kunguru ndio msiba wenyewe. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 watusafishie taka, sasa wanasafisha vifaranga. Mimi nakwenda pwani kwa wavuvi naomba wavu chakavu, naufunika juu ya uwanja wa vifaranga. Bure kabisa. Uvute ukazane lakini, ukining'inia kuku mwenyewe ananasa. Sidii za kuning'iniza nilijaribu, siku ya nne kunguru kakaa juu ya kamba yake ananitazama.

Vifaranga wasitoke tengani na mama yao kabla ya wiki 5 au 6. Ukiwaonea huruma mapema utawalisha kunguru.

Mtoto wa Bububu

Mbona mnazunguka sana. Chukua utumbo wa samaki, tia sumu ya panya, weka nje usiku. Siku mbili kimya.

Mzee wa Kichanja

Na asubuhi utaokota paka wa jirani, mbwa wa mlinzi, na kuku wako waliokwenda kudonoa. Nishaona ugomvi wa ukoo mzima kwa sababu hiyo. Tena hujui unayemuua. Kisiwani humu tuna aina ya kanu, mnyama wa ukoo wa ngawa, asiyepatikana pengine popote duniani, wataalamu wenyewe wamekuja kumjua miaka ya 1990 kule msitu wa Jozani. Funga banda lako, hasara iishie hapo.

Mpenda Kuchi (Wete, Pemba)

Mie nijibu la pili. Jogoo wa laki 2 wa pichani usimtumie mtu hata senti. Kuchi hatambuliki kwa picha, pigwa wewe na jua uende ukamtazame. Miguu mirefu na minene, shingo ndefu, anasimama wima kama askari wa gwaride. Kilemba kidogo kimelala, si kile cha msumeno. Ndevu karibu hana. Kifuani manyoya machache mpaka ngozi nyekundu inaonekana. Ukiona miguu mirefu lakini kilemba cha msumeno kimesimama, huyo ni chotara, na wauzaji wa mjini wengi ndio mali yao. Chotara si mbaya kwa kitoweo, ubaya ni kumlipia bei ya baba yake.

Halafu ujue unachonunua. Kuchi ni nyama na umbo, mayai hataki. Majogoo wawili ukiwaweka pamoja watauana kabla ngawa hajafika. Na koo wa kuchi ni mzito, ana tabia ya kuvunja mayai akiatamia.

Kwa hiyo mimi simpeleki mtu kwenye kuku, nampeleka kwenye mayai. Tafuta mfugaji, ona jogoo na mitetea yake, chukua mayai ambayo hayajapita wiki moja. Yapange ncha nyembamba chini, ndani ya makumbi au pumba, uyapakate mwenyewe melini, usimpe utingo. Ukifika yaache yatulie siku nzima ndipo umwekee koo wa kienyeji. Siku ya 21 utajua. Ni rahisi kuliko kuku wazima, na huleti ugonjwa wa banda la mtu.

Hata wengine wa zamani wanapotea, si kuchi tu. Kishingo, wale wa shingo tupu, bado wapo. Kidimu wa manyoya ya kupinda nimemwona mmoja mwaka huu, na bukini asiye na mkia sijui mara ya mwisho lini. Akiwa naye mtu, anijulishe.

Bwana Mifugo Mstaafu (Chake Chake)

Naongeza dogo, nalo ndilo linaloua zaidi ya wezi wote mliowataja. Ugonjwa wa mdondo hauna dawa. Chanjo ya tone la jicho, tone moja jicho moja, irudie kila miezi 3. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku ulionao, kwa hiyo shirikianeni majirani siku moja. Ukileta kuku mzima, awe amechanjwa si chini ya wiki 2 kabla ya safari, na akifika akae mbali na wenzake wiki 2 nyingine. Kutoka Tanga au bara kokote usimpitishe kwa magendo, pita kwa daktari wa mifugo upate kibali.

Banda la Makuti

Narudi na habari, siku 19 tokea niulize. Mti wa kulalia nimeuhamisha, wayamesh nimefukia pande tatu, ya nne pesa iliisha, nimepanga mawe ya Bi Nyavu. Mafenesi yaliyoanguka naokota kila magharibi. Nilimwaga jivu mlangoni, usiku wa tatu nikakuta nyayo zenye alama za kucha, basi paka simo kumsingizia tena. Alizunguka banda lote akaenda zake. Usiku hajachukua hata mmoja.

Mchana kifaranga 1 kaondoka, kosa langu, nilifunua wavu nikaenda kuswali adhuhuri.

Yule wa mjini nilimwambia nakuja kumwona jogoo, akasema keshauzwa. Nimepata mayai 9 Pemba, nimeyapakata usiku kucha melini mpaka mkono umekufa ganzi. Leo yana siku 6 chini ya koo wa jirani. Nimeyamulika kwa tochi, 7 yana mishipa, 2 meupe. Haya mawili niyatoe sasa au nimwache koo kwanza asije akasusa?

Bi Nyavu

Toa usiku, taratibu, kaka. Kiganja kiwe cha moto.