Kaka kaja Moshi kumzika mama, kurudi Uingereza wamemhoji kama gaidi

Wakuu, mnivumilie, nina hasira.

Kaka yangu ameishi Uingereza miaka 19. Uraia pacha kwetu hakuna, akaacha pasi yetu akachukua yao. Mwezi uliopita alikuja Moshi kumzika mama, akakaa mpaka arobaini. Alipotua kule, hata mizigo hajachukua, askari wawili wakamtoa pembeni mbele ya mke na watoto. Masaa manne!

Maswali sasa. Moshi unaswali msikiti gani? Imamu nani? Hela ulizotuma za nini? Za sanda jamani, za mchele wa hitima, za turubai!

Wakataka namba ya siri ya simu. Akawapa, maana kukataa ni kosa, unaweza kufungwa miezi 3. Simu ikabaki kwao siku sita.

Nimeitafuta sheria yenyewe: Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000. Askari wa bandarini au uwanja wa ndege hahitaji kukushuku kwa lolote. Anaweza kukushikilia hadi masaa 6 (zamani yalikuwa 9), na ukinyamaza umevunja sheria. Mwaka 2019, kwenye kesi ya Beghal (mwanamke aliyehojiwa hivihivi uwanja wa ndege 2011), Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema sheria hiyo ilivyokuwa 2011 ilikiuka haki ya maisha binafsi. Masaa yamepunguzwa, ila lile la kutohitaji shaka lipo palepale. Sasa kama hahitaji sababu, anakuchagua kwa nini? Jina na ndevu, basi.

Na asije mtu hapa na "usalama kwanza". Dar ililipuliwa 1998, kanisa la Olasiti hapo Arusha likalipuliwa 2013. Ugaidi tunaujua, tumezika.

Kinachoniuma zaidi ni ile simu. Mna kundi letu la familia, picha za dada zetu hawana mitandio, mama siku zake za mwisho kitandani. Shangazi yuko Pasua, hapo Moshi, hajawahi kupanda ndege, na namba yake iko kwa polisi wa watu. Nani alimwomba ruhusa? Amejitoa kwenye kundi, na wengine wamemfuata. Michango ya kisomo cha mama tunapitisha mkononi sasa.

Kaka anasema Idi haji. Mwanawe mdogo anamuuliza kila siku alifanya kosa gani.

Mwenye ndugu yaliyomkuta haya aseme. Mwanasheria anayejua namna ya kudai vilivyonakiliwa kwenye simu vifutwe, naomba anielekeze.