Naomba ushauri: kupima MDA (zao la mafuta yaliyooksidika) kwenye amigdala (sehemu ya ubongo inayohusika na hofu) ya panya wenye wasiwasi

Wakuu, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, hivyo mafuta yake huoksidika upesi, hata sampuli ikiwa mezani. Ndiyo maana BHT, kemikali ya kuzuia kuoksidika, hutiwa kabla ya kusaga, na damu huoshwa kwa salaini baridi. Chuma cha himoglobini huvuruga kipimo.

Tatizo ni TBA, kemikali inayotoa rangi ikiungana na MDA: nyuzi 95 kwa dakika 60, kisha kusoma rangi hiyo kwenye nanomita 532. Sukari nazo hutoa rangi hapo, namba zinapanda bure. Je, nihamie HPLC, mashine inayotenganisha kemikali kabla ya kuzipima, au nichanganye amigdala za panya kadhaa ili sampuli itoshe?

Halafu, katika utafiti wa 2005 panya walioongezewa glutathioni reduktasi, kimeng'enya cha kinga, ndio walizidi wasiwasi! Mnalielewaje hilo?