Kutu kwa tunaokaa pwani: kupiga lami chini, oili chafu, au kuosha tu?

mtu_wa_paje
Asalaam alaykum wadau. Nna Probox mwaka wa tatu huu, injini haina neno, oili namwaga kila kilomita 5,000, plagi nshabadili, gia zinaingia vizuri. Tabu yangu kutu. Nakaa Paje huku Unguja, bahari naiona kwa dirishani, kusi likivuma asubuhi ukipangusa kioo kwa kidole unaweza kukolezea mchuzi. Wiki ilopita nimepata panchari, nkatia jeki pale pale pa siku zote chini ya mlango, nkasikia krrr, jeki imezama ndani ya bati kama nabonyeza mkate wa kumimina.

Nimeuliza watu watatu nimepata majibu matatu. Mmoja anasema nipige andasili, ile lami nyeusi, chini yote. Mwengine anasema oili chafu, pulizia kila miezi mitatu umemaliza. Ami yangu anasema osha maji matamu tu hayo mengine kupoteza pesa. Wenye uzoefu nambieni kabla sijatoa hata mia.

fundi_bodi_mwera
Waalaykum salaam. Andasili si mbaya, ubaya wake ni inavopigwa. Gari inaletwa saa tatu, saa sita mwenyewe ashaichukua, chini inang'aa utasema sufuria mpya. Imekwanguliwa? Imekauka? Wapi! Imepigwa juu ya chumvi na tope na kutu, sasa unyevu umefungiwa mle ndani hauna pa kutokea na kutu inakula kwa raha zake mtu haioni. Mie huletewa baada ya miaka miwili, nikigonga na bisibisi lami inabanduka pande zima na bati limeganda nyuma yake. Na wengine wanaziba na vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango, basi mvua za masika zikiingia zinakaa humo humo.

Ukitaka lami ifanye kazi: osha chini, acha ikauke siku mbili tatu kwenye jua la kaskazi (usifanye masika, nakuomba), brashi ya waya na msasa mpaka uone bati linang'aa, rangi ya kuzuia kutu, ikishakauka ndo lami. Gari ambayo haijaanza kutu inalipa kweli. Yako pale pa jeki pashaoza, hapo ni kukata na kuchomelea bati jipya, asikudanganye mtu akajaza puti (ile ya kuzibia mashimo ya bodi), jeki haikai juu ya puti.

dogo_darajani
mie oili chafu mwaka wa nne huu, gari ya 2003 na bado iko poa, bure kabisa fundi mwenyewe anatafuta pa kuimwaga

wete_juu
Iko poa, bushi (ile mipira ya kwenye viungio vya chini) ushazitizama lakini? Mie nlifanya hivo hivo kwenye Noah huku Pemba, kila mahala inaporuka oili inakuta mpira. Bushi za chini zimevimba zikalainika kama halua, gari ikawa inayumba njia nzima mpaka Konde. Halafu vumbi letu jekundu linaganda juu yake, na tope hilo linashika maji, umerudi kule kule. Na tena yakhe oili ilotoka kwenye injini ina asidi na vyembe vya chuma, inadondoka kwenye ardhi na sisi maji tunayokunywa ni ya visima, kote Unguja na Pemba. Hilo pekee lilitosha mie kuacha.

Skuhizi nnapulizia nta, ile dawa ya kopo yenye kimpira kirefu, unakipitisha kwenye vitundu mpaka ndani ya bodi. Haipasuki kama lami kwa sababu inabaki laini. Ubaya wake ghali na kila mwaka urudie. Ila lami inalinda nje tu, na gari nyingi nlizoziona mie kutu imeanzia ndani ikatokea nje.

dogo_darajani
bushi nlibadili mwaka jana kweli... nlidhani barabara 😅

baharia_nungwi
Ami yako ana haki, ila asimalizie hapo. Kuosha kwenyewe kuna elimu. Kwanza ONJA MAJI. Nasema kweli msicheke, visima vya karibu na ufukwe maji yake yana chumvi, wewe unaosha chumvi kwa chumvi na umelipa. Mie gari yangu inavuta boti, magurudumu ya nyuma yanaingia baharini, nikitoka tu siku ile ile naipeleka kwenye maji matamu, siku ya pili ushachelewa. Lenga chini na ndani ya madigadi, juu kwenye rangi wanapopang'arisha vijana si ndiko kunakooza. Mashine ya presha usiisogeze kwenye beringi, sili wala soketi za waya. Ukimaliza endesha kidogo breki zikauke. Na usilifunike gari usiku na turubai la nailoni, jasho lote linabaki chini yake.

Wazee wetu madau wanayapaka sifa (mafuta ya papa), na chini shahamu, na yanakaa miaka na miaka baharini. Jirani yangu alijaribu sifa kwenye pikapu. Sijui kama kutu ilipungua, lakini paka wa Nungwi wote walikuwa wanalala uvunguni.

mkunazini_tu
Samahani naingilia, mie ndo kwanza nataka kuagiza Japani, kuna namna ya kuijua yenye kutu kabla haijafika bandarini?

wete_juu
Ipo. Omba karatasi ya mnada. Kwenye ule mchoro wa gari ukiona S ni kutu, C ni kutu iloanza kula bati, na nambari ikiwa kubwa ndo hali mbaya zaidi. Na gari ilotumika Hokkaido iangalie mara mbili, kule kwenye barafu barabara wanazimwagia chumvi, kwa hiyo inakuja huku ishaanza kuliwa na sisi tunamalizia. Taka picha za chini, asiyekupa picha za chini muache.

bi_samaki
Wanaume nyie mmeshughulika na chini tu, ya kwangu ilioza kutoka juu. Mie nachukua samaki Malindi ya mjini hapa Unguja napeleka mahotelini, barafu ikiyayuka yale maji ya samaki yanapita kwenye kapeti, na chini ya kapeti kuna sponji, lile sponji halikauki milele. Siku nlofungua nimeona barabara kwa chini, wallahi. Skuizi kapu linakaa ndani ya beseni na beseni juu ya turubai, na kapeti la nyuma nimelitoa kabisa. Kaka wa Paje hiyo Probox unabebea nini?

mtu_wa_paje
Dada umenigusa. Mke wangu analima mwani. Kila bamvua nnabeba magunia mabichi mpaka kwenye chanja. Wala halijanijia, mie siku zote nalaumu upepo.

bi_samaki
Basi kesho asubuhi fungua kapeti. Usisubiri Ijumaa.

fundi_bodi_mwera
Mwani mbichi!! Lo. Kuna vifuniko vya mpira sakafuni vinachomoka, vichomoe ukiosha maji yatoke, ukaushe ndo uvirudishe. Na kwa ulivokaa na chumvi namna hiyo mwambie fundi wako akague pini za kalipa, zikigandana breki inakula upande mmoja, na kwenye betri zile nguzo ukiona unga mweupe safisha na maji ya moto upake grisi.

mtu_wa_paje
Nimerudi wadau. Kapeti nimelifungua Jumatatu. Mchanga, maji, na vipande vya mwani vya sijui mwaka gani. Sakafu ya nyuma ina matundu mawili yanapita kidole, ubavu wa jeki ndo mwisho wa safari ya maji hayo hayo, yaani kutu imetoka ndani ikamalizikia pale. Bati limekatwa limechomelewa. Nlivoamua: ndani ya bodi nta, lami kwenye madigadi na pale palipochomelewa tu baada ya rangi, kuosha chini kila wiki wakati wa kusi, maji nimeyaonja (ami kacheka sana). Magunia sasa yanakwenda na gari ya ng'ombe.

bi_samaki
Na harufu?

mtu_wa_paje
Harufu bado dada.